Jovan wa Ukurasa wa Pili

Akron, 9 Oktoba

Shangazi Desanka mpendwa,

Sijamwambia mtu mwingine: kwa wiki tatu nilijua kwamba Babu Spasoje anajiandaa kwenda kulilia makaburi ya watu baki, nami nikanyamaza.

Binamu Darinka alipata jina la Jovan Vukelja, baba yake Babu, katika orodha za zamani za meli zilizoleta wahamiaji huku, pamoja na kijiji alikotoka. Tangu siku hiyo nyumbani ni Darinka, Darinka. Mimi niliyemaliza shule juzi nimebaki wa kuosha vikombe.

Lakini katika kitabu cha kanisa letu, kila nyumba imeandikwa pamoja na mtakatifu wa ukoo, yule anayerithiwa kutoka baba hadi mwana. Nilikuta akina Jovan Vukelja wawili. Yule wa kijiji alichokipata Darinka ni wa Mtakatifu Nikola. Sisi ni wa Malaika Mkuu Mihaili. Jina moja, ukoo mwingine. Jovan wetu yuko ukurasa wa pili, na kijiji chake ni kingine. Nilitaka Darinka aaibike huko mbele ya wenyeji.

Jana nilimwona Babu akipiga pasi shati la safari, nikashindwa kuendelea kuficha. Nikamwonyesha Darinka ukurasa ule faraghani. Akakimbilia sebuleni.

"Babu, nimegundua kosa!"

"Mungu akuweke, jicho la ukoo!" Babu akambusu mara tatu. "Na wewe bubu wangu, lete kahawa basi."

Nikaileta, wivu umenijaa.

Babu na Darinka watafikia kwako Belgradi Jumamosi. Msifu Darinka kama wengine wanavyomsifu. Nani aliuona kwanza ukurasa ule, na kwa nini alinyamaza, hayo nakuomba yaishie kwako.

Mwanao,
Anđa