Milio Tisa ya Shokomzoba

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji. Nataraji mgongo wako umepata nafuu na kwamba sasa unalala bila vidonge. Sisi huku tu wazima. Mwanao Chiriku anakula, anasoma, na mtulinga wake umeunga sawasawa. Daktari ameukagua mara mbili na kusema hana la kuongeza. Asiyetulia ni mimi. Nimeona nikuandikie kabla hujampa jibu kuhusu mashindano ya baiskeli mlimani Jumamosi ijayo.

Najua alikupigia simu kuomba ruhusa. Najua pia ulimwambia utafikiri, ila mtu asiyeweza kuzuia vidole vyake kwenye breki hana kazi mlimani. Alinieleza hayo akitazama sakafu. Huyu ndiye mtoto tuliyempa jina la ndege kwa sababu ya mdomo wake! Siku hizi anaingia karakana, ananiamkia, anapangusa mnyororo wa baiskeli, anaondoka.

Jumatatu aliniomba nimpangie shokomzoba ya nyuma kama nilivyompangia kwa mashindano yale yaliyopita. Nilimjibu haya, mwanangu.

Niwie radhi nikueleze kidogo, maana bila hilo hutaelewa ninachokiogopa. Baiskeli ile ina viungo katikati ya fremu, ili gurudumu la nyuma lipande na kushuka lenyewe kwenye mawe. Shokomzoba ni mrija wa hewa ulioshikilia viungo hivyo. Kwanza unapima mpandaji anazama kiasi gani: anakaa juu akiwa amevaa kila kitu chake, na kipete cha mpira kwenye mrija kinaonyesha umeingia hadi wapi. Ukiingia zaidi ya robo hivi, unaongeza hewa kwa pampu ndogo. Hilo sijawahi kulikosea.

La pili ni kurudi. Hewa iliyobanwa hutaka kufyatuka, na mafuta yaliyomo ndani huichelewesha. Kiasi cha kuchelewesha unakipanga kwa kishikio chekundu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ukikifunga mno, gurudumu hurudi kwa uvivu na kila jiwe hulikuta bado halijajinyoosha. Ukikifungua mno, linamrusha mpandaji kama godoro linavyorusha watoto. Kina hatua kumi na nne, kila moja na mlio wake, tik. Fundi mkuu, mwenye karakana hii ninamomalizia ustaafu wangu, ana sharti moja: funga hadi mwisho, kisha fungua ukihesabu. Hunitania kwamba yeye hakumaliza shule, lakini anajua hesabu haianzii katikati ya ukurasa.

Basi Jumatatu nikafunga, nikafungua milio mitano. Nikaenda kunawa mikono, nikarudi, nikafunga tena, nikahesabu tena. Nilifanya hivyo mara kumi na moja. Fundi mkuu akaniuliza, “Mwalimu, unapanga baiskeli au unafungua kasha la benki?” Karakana nzima ikaangua kicheko, na hata Chiriku akatabasamu. Mimi nilitoka nje nikakaa juu ya rundo la matairi.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Miezi minane iliyopita, siku moja kabla ya mashindano, Chiriku aliniuliza kurudi ni nini hasa. Unanijua nikiulizwa swali. Nilifungua kishikio chote ili aone baiskeli inavyodunda ikiachiwa, nikasimulia, nikachora hata ubaoni. Nilipomaliza kusimulia, nikakifunga kwa milio mitano kuanzia pale pale kilipokuwa, upande uliofunguliwa wote. Sikufunga hadi mwisho kwanza. Mtoto akashuka mlima ule na mtambo uliofunguliwa kupita kiasi. Kwenye ngazi ya mawe ya tatu gurudumu la nyuma lilimtupa juu ya usukani.

Mwamuzi alisema mtoto alishika breki ya mbele kwa woga. Wewe ulirudia maneno hayo pale hospitalini, mbele yake, na mimi niliyesimama miguuni pa kitanda nilitikisa kichwa kukubali. Wakati huo nilikuwa sijui. Nilijua kesho yake, nilipoifunga shokomzoba na kuhesabu milio tisa badala ya mitano. Niliirudisha kwenye mitano, nikamwambia fundi mkuu kila kitu kiko sawa. Nimenyamaza tangu siku hiyo.

Jana nilimwambia. Alijikalia chini sakafuni, akaniuliza jambo moja tu: kwa hiyo yeye hakushika breki? Nikamwambia hakushika. Aliigeuza mikono yake akaitazama pande zote mbili. Akasema kwa miezi minane, hata mteremko wa kwenda shule amekuwa akishuka na kuikokota baiskeli, kwa kuwa hakuwa akiiamini mikono hiyo. Kisha akainuka na kuniamuru nisimame mlangoni, na nisieleze chochote. Nilitii. Alifunga mwenyewe, akafungua mwenyewe, akihesabu kwa sauti. Halafu akanitaka nikuandikie mimi, kwa mwandiko wangu, maana akisema yeye utadhani anajitetea.

Sikuombi umruhusu. Mlima ni ule ule, mawe ni yale yale, na mimi nikiwaza akiwa juu ya ngazi ile, roho inanitoka. Ukikataa, kataa kwa sababu wewe ni mama na unaogopa, kama ninavyoogopa. Usikatae kwa sababu ya vidole vyake.

Mpigie yeye kwanza. Yale maneno ya hospitalini anayakumbuka neno kwa neno. Kisha nipigie mimi, uniambie lolote litakalokuja mdomoni, nami sitalijibu.

Msomee shemeji barua hii yote, usimfiche kitu. Wote hapa wanawasalimu.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu