Fito za Ua wa Zaina

Rumonge, 1972

Yaya Mariamu, dada yangu, amahoro. Natumaini kifua chako kimepoa. Mimi ni mzima, ila mvua haijatuachia tangu Nyanza-Lac.

Jana injini ya kamyo ilichemka. Tukingoja ipoe, nilitembea kati ya mivumu mikubwa ajabu, miti ambayo mmoja tu watu wanne hatuwezi kuukumbatia. Imesimama duara. Shofa anayeendesha lori hilo akaniambia, "Hii yote ilikuwa fito ya lupango, ua ya kuzunguka nyumba ya shefu, mutawala wa zamani. Watu walihama, hakukuwa mutu wa kukata machipukizi, ikakua tu."

Leo nimefika Gatete na kitenge ulichomtumia shoga yako Zaina. Nyumba iko wazi, haina mtu, na majirani hawataki kuulizwa. Fito za ua tulizopanda naye mwaka wa uhuru, ambazo hakuwahi kuziacha ziote, zimejaa majani mabichi. Nikaazima panga la shofa, nikazipogoa zote mvuani. Shofa mwenyewe hakunihimiza.

Kitenge ninakirudisha, yaya. Kiweke tu, usikikate. Mungu atukutanishe sote.

Mdogo wako, Saidi