Taa ya Boke na Taa Yangu

Kisaka, Jumatano usiku

Kumbe shida ilikuwa waya. Boke, mke mwenzangu, akizima taa nyumbani kwake, na yangu ilikuwa inazimika, ugali ukiwa bado jikoni. Muda wote huo nilidhani ananikomoa.

Leo fundi wa sola amezifunga sambamba, si kwa kufuatana kwenye waya mmoja kama zamani. Kila nyumba ina njia yake ya umeme na swichi yake. Hata mwanga umeongezeka.

"Mama Marwa, sasa kila mtu na taa yake," Boke akaniambia. "Tusinuniane tena."

Nani ana nguvu ya kununa? Nimepalilia mtama tangu asubuhi. Mume wetu hajatoka kwa Boke tangu Jumapili.

Nazima yangu nilale. Ya kwake itaendelea kuwaka, na betri yetu ni moja.