Mkasi wa Kitambaa

Jumamosi, alasiri. Mvua imekatika lakini Uluguru bado umejifunika ukungu. Kutoka dirishani kwetu Kihonda sioni hata kilele kimoja. Afadhali. Leo sitaki kutazama upande ule, maana chini ya milima ile, kule Bigwa, ndiko aliko Hawa na chumba chake.

Naandika nikiwa na mkasi mapajani. Si wangu.

Nianze na lile ninaloona aibu kulisema. Namwonea wivu mdogo wangu. Hawa ni mtoto wa mama mdogo, nimemzidi miaka mitatu. Mimi ndiye niliyemfundisha kutunga uzi kwenye cherehani. Mimi ndiye niliyemshika mkono alipopinda kanga yake ya kwanza, tukiwa tumeinama sakafuni kwa bibi, Matombo. Siku zile ukoo mzima uliniita fundi. Hawa aliitwa msaidizi wa fundi, naye alicheka tu.

Kisha nikaenda chuo, nikarudi na shahada ambayo mpaka leo inatafuta kazi. Hawa akaolewa na seremala. Na seremala akamjengea chumba cha kushonea.

Nimekiona mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Meza ya kukatia inafika kiunoni, huinami. Dirisha ni pana, liko kushoto, kwa hiyo kivuli cha mkono hakiangukii mshono. Ukutani kuna ubao, kila kifaa na msumari wake, na nyuma ya kila kifaa umbo lake limechorwa kwa kalamu nene ya makapeni, ili kikikosekana ujue. Mikasi ni miwili. Wa karatasi una mpini mweusi. Wa kitambaa ni ule mkubwa, mpini wake umeviringishwa kitambaa chekundu, na kila anayeingia huambiwa kabla hajakaa: mwekundu haukati karatasi.

Mama alipokwenda kukitazama alirudi akisema ni kama chumba cha sindano cha hospitali, ila huku huchomwi. Alikicheka kichekesho chake siku nzima.

Mimi sikucheka.

Mimi nashonea kwenye meza ya chakula. Nikishaanza kupata mwendo, mama anasema, "Msomi, ondoa matambara yako, wali unapoa." Vitambaa nakatia sakafuni, nikiinuka magoti yana alama za saruji. Mkasi tunao mmoja, na unafanya kila kazi: uzi, pakiti za unga, mapezi ya samaki. Miaka yote hiyo nimejifariji kwamba ufundi uko mikononi, vifaa ni mapambo.

Wiki iliyopita Hawa alinipa ufunguo. "Dada, Alhamisi nzima nakuwa kwa mama mkwe. Nenda ukashonee pale, meza inakaa bure." Nilitafuta majivuno katika sauti yake nikayakosa. Hilo liliniudhi zaidi.

Nikaenda.

Nataka niandike ukweli kuhusu asubuhi ile kabla sijaandika mengine. Nilifurahi. Nilitandaza vipande vya vitenge kwenye ile meza, nikasimama wima, na kwa mara ya kwanza niliona shuka langu lote kwa pamoja. Sikutafuta chaki; ilikuwa pale. Sikutafuta pini. Pasi ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye cherehani. Shuka hili la vipande nimehangaika nalo tangu Januari, na kwa saa mbili nilimaliza safu nne, mishono imenyooka kana kwamba kuna mtu alikuwa ananishikia rula. Niliimba. Mimi siimbi nikishona. Nyumbani huwa nagombana.

Ndipo nikaelewa kwamba Hawa huamka hivi kila siku.

Furaha ile iligeuka palepale. Sijui niiteje hali ile. Niliona kama nimelishwa chakula changu mwenyewe kwa mkono wa mtu mwingine. Nilihitaji kipimo cha kukatia, cha boksi gumu, ili vipande vilivyobaki viwe sawa. Lilikuwepo boksi tupu la sabuni. Mikasi miwili ilikuwa inaning'inia mbele yangu, mweusi na mwekundu.

Nikachukua mwekundu.

Nilikata kipimo changu, kisha nikaendelea. Nilikata boksi zima, hata nisikohitaji, na pale pembeni lilipofungwa kwa pini za chuma sikuzikwepa. Nilizisikia pini zikilia kwenye makali. Halafu nikaufuta mkasi vizuri, nikaurudisha juu ya umbo lake, nikafunga mlango.

Leo tulipaswa kukata doti ya bibi.

Bibi alituacha mwaka jana. Ndani ya sanduku lake walikuta doti moja ya kanga ambayo hakuwahi kuikata, pande zake mbili bado zimeungana kama zilivyotoka dukani. Mama na mama mdogo wakaamua: upande mmoja wangu, upande mmoja wa Hawa. Wapo wanaoichana kanga kwa mkono. Bibi hakutaka kabisa kusikia hilo. Alisema mchano hupinda njiani ukaingia kwenye pindo, na kanga iliyoliwa pindo imekwisha, haina tena mwenziwe.

Hawa alikuwa ameshaipiga pasi na kuitandaza mezani. Ilinukia sanduku. Akashusha mkasi mwekundu ukutani, akaugeuza, akaninyooshea mpini.

"Kata wewe, dada. Fundi ni wewe."

Nilisema tutumie mkasi mwingine.

"Upi? Ule wa karatasi?"

"Huo mwekundu ni butu."

Hawa akanitazama. "Umejuaje? Hata hujaushika."

Akachukua kipande kibovu, akaujaribu, kama nilivyomfundisha afanye kila mara kabla ya kugusa kitambaa cha mtu. Mkasi haukukata. Ulikitafuna kitambaa, ukakikunja katikati ya makali na kukwama nacho. Alipoufungua, nilimwona akipitisha kidole kwenye mapengo mawili madogo.

"Kwenu mkasi ni mmoja," alisema taratibu. "Labda mkono ulizoea."

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Ningesema ndiyo, tungecheka, tungemsingizia yule samaki wa nyumbani na mapezi yake.

"Hapana," nikasema. "Nilijua ni wa kitambaa."

"Ulijua, ukakata?"

"Nilijua. Boksi."

"Nimekukosea nini?"

Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Nilipolisema kwa sauti lilikuwa neno la kitoto kabisa, lakini sikuwa na jingine.

Hawa alianza kuikunja ile doti, pembe kwa pembe. Nilidhani atalia au atanifukuza. Akasema, bila kuinua macho, "Meza ya kiunoni, dirisha kushoto. Uliyasema wewe, tukiwa sakafuni kwa bibi. Mimi nilimweleza mume wangu tu. Kila anayekisifia chumba namwambia ni mawazo ya dada."

Nilikuwa nimesahau. Mtu anawezaje kusahau ndoto yake mwenyewe, kisha akamchukia aliyeikumbuka?

Aliuviringisha mkasi kwenye gazeti akanipa. "Kaunoe. Kwa fundi wa mikasi, sokoni, siyo yule wa baiskeli anayenoa mapanga."

Niliweka ufunguo mezani. Akausukuma ukarudi kwangu.

"Sasa mkasi utaurudisha kwa kupitia dirishani?"

Hakutabasamu alipolisema hilo. Sijasamehewa, na sitajidanganya kwamba nimesamehewa. Nilipotoka niligeuka mara moja: ukutani limebaki umbo la mkasi lililochorwa, na msumari mtupu.

Jumatatu nitakwenda sokoni. Alhamisi nitafungua mlango ule niutundike mahali pake. Wivu upo bado, nausikia hapa kifuani ninavyoandika. Ila leo nimeujua kwa jina, na mwenye chumba ameujua pia.

Hapa nimekatizwa. Mama ametoka jikoni na pakiti ya unga, mkono ameunyoosha.

"Nipe huo mkasi."

"Huu ni wa kitambaa, mama."

Amenitazama kama niliyeugua ghafla. Nimeufunga tena kwenye gazeti lake, nikainuka kumtafutia ule wetu.