Gia ya Kushukia Sekenke

Baba Hamisi,

Kwenye kisomo cha watu wazima tunafundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya unayemwandikia. Yako nimemwachia Mungu. Yangu, nikisema ni njema nitakuwa nakudanganya, na wewe hukupenda kudanganywa hata kuhusu chumvi kwenye mchuzi. Sina raha. Chakula hakipiti. Keshokutwa Hamisi anaingia kwenye mashindano ya magari na Chura wako, na mimi mkeo, niliyeshika usukani mara moja tu maishani, ndiye niliyeamua aendeshe kwa gia gani. Nimeamua mara mbili. Mara zote mbili nimeogopa.

Usicheke. Najua unacheka.

Chura bado yupo uani. Kimejiinamia chini chini vile vile, kigari chako cha kijani cha viti viwili, na watoto wa Isevya hawajaacha kukichungulia. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Maganga, alikuja baada ya arobaini, akakizunguka, akasema gari lisilobeba hata gunia la mahindi linamfaa nani katika nchi ya ujamaa? Nilikuwa eda, nikamjibu nikiwa nyuma ya pazia kwamba mwenye gari alikufa akibeba saruji ya shule ya kijiji cha ujamaa, basi mchango wake kwa nchi ameutoa. Akaliacha hilo, akaomba chai.

Hamisi naye hakuliacha. Alikaa mlangoni, akasema, "Mama, baba alisema mwaka huu tutashindana. Mimi nataka nishindane." Nikamuuliza wanapita wapi. Akasema wanatoka hapa Tabora, Nzega, Igunga, wanapanda Sekenke mpaka Singida, halafu wanageuza na kurudi njia ile ile. Maana yake kwenda wanapanda Sekenke, kurudi wanaishuka. Mlima ule ule uliokuchukua.

Sikumkataza. Najua ungenishangaa, mimi ambaye nilikuwa nakukataza kupanda juu ya paa. Lakini nilimtazama usoni nikaona ule uso wako wa siku ulipoamua kununua vitu vya mzungu wa Urambo bila kuniuliza. Huyu nikimkataza atakwenda kimya kimya, na mimi nitapata habari kutoka kwa watu. Heri niwemo. Nikamwambia ataenda, lakini gari litatengenezwa kama nitakavyosema mimi. Akakubali haraka mno. Nadhani alifikiri mama yake atataka kubadilisha vitambaa vya viti.

Basi akaja rafiki yako Fundi Rajabu. Akasimama uani, mimi nyuma ya pazia, akanieleza mambo ambayo wewe ulikuwa ukiyazungumza naye mpaka chakula kinapoa. Kwamba yule mzungu wa tumbaku alipofunga virago alikuuzia magari mawili ya aina moja. Lake lilikuwa la gia za mkono, ndilo hili tunaloliita Chura. La mkewe lilikuwa la otomatiki, lakini mti ulianguka juu ya banda ukalibonda, ukalichukua kwa ajili ya vipuri tu. Sasa giaboksi la Chura limechoka, gia ya tatu inaruka yenyewe. Njia ni mbili. Alifungue alitengeneze, au atoe lile la otomatiki alifunge humu.

"Hamisi anataka la mkono," akasema. "Mimi nasema aseme mwenye mwana."

Nikamuuliza swali moja tu. "Hilo la otomatiki, dereva anaweza kukosa gia?"

"Hawezi, shemeji. Hakuna gia ya kukosa. Linabadilisha lenyewe."

"Basi funga hilo."

Akakohoa. Wewe unakijua kikohozi cha Rajabu, kile cha mtu mwenye neno kooni. Nilikisikia. Lakini nani atabishana na mjane aliye eda, na pazia katikati? Alisema, "Sawa, shemeji," akaenda kuchukua vyuma vyake.

Unajua kwa nini nilisema vile. Utingo wako, Masanja, alikuja siku ya pili ya msiba, mkono umefungwa, akanieleza yote kwa sababu nilimlazimisha. Kwamba mlikuwa katikati ya mteremko, lori limejaa saruji, ukataka kutoka gia ya tatu uingie ya pili, ikakataa. Ya tatu nayo ikakataa kurudi. Lori likabaki frii, halina gia yoyote. Akasema ulikuwa unaisukuma gia inalia, unaisukuma inalia, na miti inapita kasi. Halafu ukamwambia, "Ruka, Masanja." Akaruka. Nikamuuliza ulisema nini baada ya hapo. Masikini Masanja. Angejuaje, naye alikuwa ameshakuwa nje?

Tangu siku hiyo kile kijiti cha gia nilikichukia kama mtu. Na zamani nilikipenda, unakumbuka? Ile siku ya njia ya Kigwa, njia ambayo babu yangu aliipita kwa miguu na mzigo begani kwenda pwani, wewe ukanikalisha kwenye usukani kama bibi wa mkuu wa wilaya. Ukaweka mkono wako juu ya mkono wangu, juu ya kijiti. Ukasema usitumie nguvu, sikiliza, gia ikiwa tayari inaingia yenyewe. Ikaingia. Nikapiga kelele za furaha mpaka kina mama waliokuwa wanachota maji wakasimama. Nilikuwa na umri wa kuwa na aibu, lakini sikuwa nayo.

Rajabu akalifunga lile la otomatiki. Hamisi alinuna siku kadhaa, akawa anakula bila kusema asante. Halafu likaanza jambo ambalo sikulitegemea. Sikuweza kumsikia. Wewe ulipokuwa unarudi, pale kona ya Gongoni ulikuwa unapunguza gia, na kwa mlio ule nilijua umerudi na hasira au umerudi na njaa tu, nami natia majani ya chai. Hamisi alikuwa anaondoka na kurudi gari likivuma vile vile, halipandi, halishuki. Sijui anakimbiza au anatembea. Ghafla namwona mlangoni. Mara ya kwanza nilishukuru, nikasema hii ndiyo salama, haina kelele. Baadaye nikawa najilaza mchana natega sikio na sipati kitu cha kusikia.

Eda ilipoisha nikamwambia Hamisi anipeleke Sekenke. Akadhani nataka kuzuru tu. Nilitaka hilo pia, lakini nilitaka zaidi kukaa kwenye kile kiti cha pili anaposhuka.

Tulipofika Igunga tukasimama kunywa chai, gari likakataa kuwaka, betri imekwisha. Vijana waliokuwa wanapakia pamba wakaja kusukuma. Wakasukuma wee. Mmoja, Msukuma mrefu, akafuta jasho akaniuliza, "Mama, gari gani hili lisilosukumika?" Hamisi akaeleza kwa sauti ndogo kwamba la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Tukasaidiwa na betri ya lori. Hamisi hakuniangalia, na mimi sikumwangalia. Nikajisemea kuchekwa si kufa.

Tukapanda vizuri tu. Juu tukageuza, tukaanza kushuka, nikasoma dua zote ninazozijua. Mwanzoni nikaona raha, kijiti kimetulia, hakuna anayekigusa. Halafu nikaona miti inaanza kupita kasi. Hamisi akakanyaga breki, gari likapungua, akaachia, likachukua kasi tena. Akakanyaga. Akakanyaga. Ikaja harufu ya kitu kinachoungua. Baba Hamisi, nilikuwa sijawahi kuisikia harufu hiyo lakini niliijua. Mwanao akasema, si kwa kelele, alisema polepole kama anayeniomba radhi, "Mama, halishiki." Nikaona mguu wake umefika chini kabisa na gari bado linakwenda.

Alilisogeza kwenye ukuta wa mlima, likajikwaruza kwenye udongo na mawe, mlango wa upande wangu ukaliwa, likasimama. Hapo ndipo nilipoona chini, kwenye korongo, bado kuna unga wa saruji ulioganda kwenye mawe. Mweupe. Mvua zote hizo na haujatoka.

Nililia pale, mume wangu. Msibani sikulia hivyo. Nilikuita kwa jina lako la utotoni ambalo hukutaka Hamisi alijue, na sasa analijua, nisamehe. Yeye alikuwa amekaa mikono iko kwenye usukani, na aliniuliza, "Baba alikuwa anaogopa?" Nilimwambia alikuwa na kazi nyingi.

Tuliporudi nilimwita Rajabu, safari hii bila pazia, nikamkabili uso kwa uso. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia kwamba gari la namna hii mteremkoni linajiendea?"

"Nilitaka kukuambia, shemeji."

"Ungesema!"

"Ulikuwa eda," akasema, macho chini. "Na ulisema kwa sauti ya mtu aliyemaliza."

Akaketi, akanieleza taratibu. Kwamba lile la otomatiki lina gia ndogo ya kushukia, lakini hiyo imekufa na kipuri chake hakipatikani nchini. Kwamba la mkono ukiliweka gia ya pili injini yenyewe inalishika gari, breki unazigusa tu. Lakini gia hiyo unaichagua juu, gari likiwa limesimama au linatambaa. Ukishaanza kushuka huigusi tena mpaka chini. Nikamuuliza, mume wangu hakulijua hilo? Rajabu akasema, "Yeye ndiye aliyenifundisha."

Nikamtafuta Masanja tena. Nikamwambia nieleze mwanzo, mwisho ninaujua. Akasema wingu lilikuwa limefunga upande wa Igunga, turubai limechanika, ukaogopa saruji italowa kabla ya kufika. Hukusimama juu. Ukaingia mteremko na gia ya tatu, ukasema utapunguza mbele kwa mbele.

Kumbe si gia. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Nilikichukia kijiti bure. Ni haraka. Mifuko ya saruji, Baba Hamisi! Ingelowa, ingeganda, wangeleta mingine. Nimekukasirikia sana, nakuambia wazi, nimekukasirikia huku nikipiga pasi kanzu zako ambazo hakuna anayezivaa.

Basi nimeamua mara ya pili. Rajabu ametoa la otomatiki, amelifungua lile lako, ile gia ya tatu ameipatia meno kutoka sijui wapi, na Chura ni wa gia za mkono tena. Hamisi amerudi kusema asante mezani. Anafurahi, na furaha yake ndiyo inayoninyima usingizi. Kwa sababu mashindano ni nini kama si haraka yenyewe? Nimempa gia nzuri, halafu namtuma mahali ambapo watu wanamhesabia kila dakika, na nyuma yake wapo wenye magari makubwa wanaompigia honi. Atafika juu ya Sekenke damu imechemka. Atakumbuka niliyomwambia? Wewe ulikuwa mtu mzima, ulikuwa mwalimu wa Rajabu, na hukukumbuka.

Usiku nalala namwona anaingia mteremko na gia ya tatu, anasema atapunguza mbele kwa mbele.

Kwa hiyo nimepata la kufanya, na nimemwambia jana ili asije kusema sikumwonya. Kesho asubuhi nakwenda na lori analofanyia kazi Masanja, nitalala kwa watu wake Shelui, chini ya mlima, na keshokutwa mapema nitakuwa juu ya Sekenke. Nitasimama barabarani. Si pembeni, barabarani. Wengine nitawapisha, wana mama zao. Lakini Chura akitokea upande wa Singida sitampisha mpaka asimame kabisa, aweke gia ya pili mbele ya macho yangu, na auondoe mkono wake pale kwenye kijiti auweke kwenye usukani.

Hamisi alishika kichwa. "Mama! Watanipita wote! Tabora nzima itanicheka!"

Nikamwambia wakupite. Wakucheke. Mzee Maganga atapata la kusema mpaka Idi.

Bado naogopa. Naogopa hata sasa hivi ninapoandika, mwandiko unajionyesha. Sijui wenye mashindano watanifanya nini, labda watamwita polisi. Sijui kama nitaweza kusimama mahali pale, kwenye mlima ule uliokuchukua. Lakini wewe juu pale hukuwa na mtu wa kukusimamisha. Nimefikiri sana, na naona hilo tu ndilo lililokosekana.

Pumzika, mume wangu. Mungu akupe nafasi kubwa huko, isiyo na mteremko. Siwezi kukuahidi ushindi. Nakuahidi mwanao atashuka Sekenke akiwa wa mwisho wa wote, na atafika chini.

Mkeo,
Mama Hamisi