Kiti cha Marehemu Mume Wangu Hakikuwa Mtego

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kama lilivyo kwenye nakala ya kitambulisho iliyoambatishwa. Mtaani anaitwa Mama Sare.
Umri: Miaka 57
Kazi: Fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule
Makazi: Ghorofa ya pili, jengo lililo juu ya kinyozi, barabara ya soko
Hali ya ndoa: Mjane
Yanahusu: Mtu kuumia kwenye sherehe ya Siku ya Mtaa
Yameandikwa: Jumatatu tarehe 16, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa kituoni, nimekuja mwenyewe. Nimekuja kwa sababu jirani yangu, fundi viatu ambaye mtaa mzima unamwita Gundi, yuko mahabusu tangu Jumamosi kwa kosa ambalo hakulifanya. Nimekuja pia kwa sababu kiti cha marehemu mume wangu kimeandikwa kwenye jalada lenu kuwa ni "mtego". Neno hilo nililisoma jana kwa macho yangu nilipomletea Gundi chakula. Nimelifikiria tangu hapo na bado halijanishuka kooni.

Siku ya Mtaa hufanyika mara moja kwa mwaka kwenye uwanja ulio nyuma ya soko. Bendi inapiga, watoto wa shule wanacheza, watu wanatoa malalamiko yao kuhusu mitaro na taa za barabarani, halafu mgeni rasmi anahutubia. Miaka tisa iliyopita muuza magazeti wa kona alifariki siku nne kabla ya sherehe. Alikuwa na kawaida ya kuwahi mstari wa mbele, na kiti alikibeba kutoka nyumbani kwa sababu ya mgongo wake. Mwaka ule mkewe alikileta kile kiti, akakiweka mahali pake, yeye akakaa nyuma yake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mwaka uliofuata nyumba tatu zilileta viti. Tangu hapo kila nyumba iliyofiwa ndani ya mwaka huleta kiti cha mtu wake, kinawekwa mbele, na hakikaliwi. Hatuandiki majina wala hatutoi hotuba. Bendi ikimaliza wimbo wa kwanza kila nyumba inabeba kiti chake na kukirudisha nyuma, basi. Ni wimbo mmoja tu, afande. Ukizidi sana ni dakika tano.

Mume wangu alikuwa kinyozi. Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Kiti ninachokizungumzia si kile cha kuzunguka cha kazini, bali ni cha mbao, cha rangi ya buluu, kilichokuwa jikoni kwetu. Mume wangu alisimama miaka thelathini na moja akiwakalisha watu wengine. Akipanda nyumbani jioni alivua viatu mlangoni, akainamisha shingo nimkung'ute nywele za wateja kwenye kola, kisha akaketi kwenye kiti hicho na kusema, "Haya, sasa na mimi ni mteja." Alisema hivyo kila siku, na kila siku alidhani ni mzaha mpya.

Mguu wa nyuma wa kushoto wa kiti hicho ulivunjika siku aliyopanda juu yake kubadilisha taa. Aliufunga kwa bati la kopo la poda na misumari miwili. Kuanzia hapo kiti kikawa na namna yake ya kukaliwa: unaegemea kulia, na hulalii nyuma. Yeye aliizoea. Mgeni akija alikisogeza kando na kumpa kingine. Nilimwambia mara nyingi akipeleke kwa seremala. Alinijibu, "Seremala akikitengeneza, kila mtu atakikalia."

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumamosi, saa saba mchana, nilikipangusa kiti hicho kwa kitambaa kibichi. Kwenye ufa wa ubao wa kukalia nilikuta unywele mfupi mweupe. Unaweza kuwa wake, unaweza kuwa wa mteja yeyote. Niliuacha hapo hapo. Saa saba na nusu tulishuka ngazi, mimi nimeshika egemeo, wifi yangu ameshika miguu ya mbele. Wifi ni dada wa marehemu. Tulipofika chini alihema akasema, "Kaka yangu huyu, hata akiwa hayupo ni mzito." Tulicheka, halafu tukakibeba tena.

Saa nane tulikuwa uwanjani. Mwaka huu viti vilikuwa saba. Kulikuwa na kigoda cha muuza mboga, kiti cha plastiki cha dereva wa teksi, na kiti kidogo cha shule cha mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akikaa ghorofa ya kwanza kwetu. Vingine sikuvitazama sana.

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe alipita akavihesabu. Alipofika kwetu aligusa egemeo, akaniambia, "Pole sana, shemeji. Huyu ndiye aliyeninyoa siku ya harusi yangu." Naomba maneno hayo yaandikwe kama yalivyo. Afande ameniambia kwamba mwenyekiti ameandikisha hapa kuwa hakujua viti vile ni vya nini na alidhani ni viti vya akiba. Miaka miwili iliyopita alibeba mwenyewe kiti cha marehemu mama yake, cha kamba nyekundu, akakiweka cha pili kutoka kushoto. Mimi ndiye niliyemshikia koti lake alipokuwa akikibeba.

Mgeni rasmi alitangazwa kufika saa nane, akafika saa tisa na nusu. Tuliambiwa watakuja watu sita, wakaja kumi na wanne. Nilimwona mwenyekiti akinong'onezana na msaidizi wa mgeni rasmi, kijana aliyevaa suti ya kijivu na miwani ya jua. Mwenyekiti aliviangalia viti vyetu, kisha akaangalia chini. Alichukua kipaza sauti akasema, "Wageni wetu, karibuni huku mbele, viti vipo." Alisema "viti vipo" huku akijua ni viti vya nani.

Nilisimama nikamfuata yule kijana. Nilimwambia kwa upole, "Mwanangu, hivi ni vya marehemu. Subirini wimbo mmoja tu, tutaviondoa wenyewe."

Aliniuliza, "Marehemu gani?"

Nikamjibu, "Wetu."

Alicheka, akasema, "Sasa mama, kwani marehemu atachoka kusimama?"

Watu wawili au watatu nyuma yake nao wakacheka. Nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa miaka thelathini na moja ya kusimama, lakini wifi yangu aliniwahi. Alisema, "Na wewe utachoka kukaa, subiri."

Nimeelezwa kwamba maneno hayo ya wifi yangu yamechukuliwa kama ushahidi kuwa tulipanga njama. Afande, wifi yangu ana mdomo ambao haujawahi kwenda likizo. Asubuhi hiyo hiyo alimwambia muuza mkate kwamba mikate yake ingefaa kujengea ukuta, na ukuta haujajengwa mpaka leo. Hakuwa akizungumzia mguu wa kiti. Habari za mguu ule tulizijua watu watatu tu: marehemu, mimi, na Gundi. Gundi alizijua kwa sababu alikuwa akija kucheza drafti na mume wangu kila Jumapili, na kila Jumapili alikaa kwenye stuli.

Wakati huo Gundi alikuwa pembeni ya jukwaa, hatua kama kumi kutoka tulipokuwa. Msichana mmoja wa kundi la kucheza alikatikiwa na mkanda wa kiatu, na Gundi alikuwa anamgundishia. Nilimwona akiinua kichwa. Aliona yule kijana anakivuta kiti chetu. Alitupa kile kiatu akaja mbio akisema kwa sauti, "Bwana, usikae hapo! Hicho kina mguu mbovu!"

Yule kijana alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Akasema, "Wewe ndiye unayepanga watu hapa?" Kisha akakaa. Alikaa katikati kabisa, akajilaza nyuma, akapandisha mguu juu ya mguu.

Sitasema sikuusikia mlio wa bati. Niliusikia. Kiti kililala upande wa kushoto naye akaenda nacho. Gundi alimdaka mkono wa kulia ili asiende chini, lakini uzito ulimshinda. Kijana aliangukia mkono wa kushoto na miwani ikaruka. Watu walicheka, siwezi kulificha hilo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakitazama kiti.

Saa kumi kasoro dakika tano walinzi wawili wa mgeni rasmi walimkamata Gundi. Alikuwa akisema, "Nimemshika jamani, nimemshika." Mwenyekiti alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba kumetokea ajali ndogo iliyosababishwa na mkorofi mmoja, na kwamba bendi iendelee. Bendi ikapiga wimbo wa kwanza. Viti vitano vilikuwa vimekaliwa na wageni. Kile cha shule hakikumtosha mtu, kwa hiyo walikiwekea mikoba. Mama wa yule mtoto alikwenda akaitoa mikoba ile mmoja mmoja, akaiweka chini kwa adabu, bila kuitupa, akakibeba kiti cha mwanawe akaondoka nacho kabla wimbo haujaisha. Wageni waliendelea kupiga makofi kufuata wimbo.

Nimeulizwa na afande kwa nini nilipeleka kiti kibovu mahali penye mkusanyiko wa watu. Ninajibu hivi: nilikipeleka ili kisikaliwe. Sina jibu jingine, na sioni kwa nini linahitajika jingine.

Nimeulizwa kama nilimwona Gundi akimsukuma mlalamikaji, yaani yule kijana wa suti. Sikumwona, kwa sababu hakumsukuma. Nimeambiwa kwamba hilo ni neno langu dhidi ya neno la mlalamikaji, na kwamba yeye ameleta koti lake lililochanika kama kielelezo. Koti hilo lipo hapa mezani. Nimelitazama tangu nilipoingia. Nimeomba ruhusa ya kulieleza bila kuligusa, nimeruhusiwa.

Nimeshona kwa miaka thelathini na tatu. Koti halikuchanika, limefumuka. Mshono uliofumuka ni ule unaounganisha mkono wa kulia na bega, kuanzia juu ya bega kwenda nyuma, na nyuzi zimekatika kuelekea nje. Mshono wa hapo hufumuka kwa namna hiyo pale mkono unapovutwa huku na mwili unakwenda kule. Watoto wa shule huniletea mashati ya namna hiyo kila wiki, wanaposhikana wasianguke ukutani. Mtu akisukumwa kifuani, mshono wa bega haufumuki. Huenda vifungo vikakatika. Vifungo vyote vitatu vipo.

Naomba pia afande aangalie karibu na kifundo cha mkono, kwenye mkono huo huo wa koti. Kuna gundi ya viatu iliyokauka. Vidole vinne viko upande wa nje na kidole gumba kiko upande wa ndani. Hivyo ndivyo mkono unavyoacha alama ukishika. Ukisukuma unaacha kiganja. Gundi alikuwa ametoka kugundisha kiatu dakika hiyo hiyo, vidole vyake vilikuwa vibichi. Kama angemsukuma mtu mwenye suti ya kijivu nyepesi namna ile, kifua kizima kingekuwa na alama. Kifua cha koti ni kisafi. Hata mimi ningependa kujua limepigwa pasi wapi.

Kuhusu mtego nina neno moja. Mtego ni kitu unachokificha ili mtu aingie. Sisi tulikiweka kiti mchana kweupe, mstari wa mbele, mimi nikamwambia asikae, na Gundi akamwambia asikae na sababu akampa. Aliambiwa mara mbili. Mwenyekiti alijua tangu mwanzo, naye akaangalia chini. Kama kuna mtu anatakiwa kuulizwa, aulizwe aliyesema viti vipo.

Sina ugomvi na yule kijana kuhusu mkono wake. Namwombea upone. Koti nitamshonea mshono ule mwenyewe, nyuzi za kijivu ninazo. Ninachokidai ni vitu viwili: jirani yangu atoke, na kiti changu kirudi. Nimeambiwa kiti kitabaki hapa hadi jalada lifungwe, kwa kuwa ni kidhibiti. Basi naomba kisikaliwe na mtu, hata askari akichoka, na kisipanguswe. Sababu nimekwisha kuieleza.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nimesikia, na sijaongezewa neno wala kupunguziwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA MPELELEZI

Maelezo haya nimeyaandika mwenyewe kwa mkono na kumsomea shahidi mwanzo hadi mwisho. Ameomba neno "mtego" alilolinukuu kutoka kwenye jalada liwekwe ndani ya alama za kunukuu kila lilipo kama la jalada, nami nimefanya hivyo.

Baada ya shahidi kutoka, nimelikagua koti mbele ya askari wa zamu. Mshono na alama za gundi viko kama alivyoeleza. Mtuhumiwa fundi viatu ameachiwa saa saba na robo mchana. Mwenyekiti wa kamati na msaidizi wa mgeni rasmi wameitwa kurudi kituoni kuhojiwa upya kesho saa tatu asubuhi.

Kidhibiti: kiti kimoja cha mbao, rangi ya buluu, mguu wa nyuma wa kushoto umeng'oka pamoja na kipande cha bati. Kimehifadhiwa stoo, kimegeuzwa kutazama ukuta. Kwenye lebo yake, chini ya namba ya jalada, nimeandika: Hakikaliwi. Kisipanguswe.