Sababu Sikufika ku Kilio ya Papa

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia kwa mapendo yote ya mutoto wako wa kwanza. Unaamukaje kule? Yale magoti yako, baridi ya Lushebere inayaacha yapumue kidogo? Mimi niko tu. Mujukuu wako Baraka iko muzima, ameota meno mbili na ananiuma nazo bila huruma. Akilia, ni sauti ya Papa kabisa. Bwana yangu naye iko muzima, duka inaendelea polepole.

Nimeandika ku karatasi kwa sababu telefone yako inakaaga kwa kaka Innocent, na Innocent anapenda kuweka sauti juu nyumba yote isikie. Hii maneno si ya nyumba yote. Nimeiacha mu mikono ya mama muuza chumvi, ule anayepandaga Masisi, nikamwambia akupatie wewe mwenyewe. Uisome peke yako, mulango ikiwa imefungwa.

Najua umenikasirikia. Shangazi Feza aliniambia vile ulisema: mutu mwenye hakumuzika baba yake asiniite mama. Ile neno nililala nayo, niliamuka nayo. Tangu Papa azikwe hujanipokea hata ku telefone. Wanasema eti duka imenilewesha, eti nimekuwa mama mukubwa wa Walikale. Mama, siwezi kukuacha uamini vile. Wacha nikuambie.

Wakati Baraka alizaliwa, habari iliyokufikia ilikuwa fupi: mutoto mwanaume, mama muzima. Hawakukuambia kwamba majirani walinisukumisha tangu asubuhi, wakati haujafika, kila mumoja akisema sukuma, binti, usiwe muvivu. Na mimi, mutoto wa Masisi, nikakataa kuitwa muvivu. Nilisukuma mupaka macho yakawa mekundu. Kisha wakanifunga tumbo na kitambaa ya kikwembe, ngumu sana, vile hata sisi tunafanyaga. Mwezi haujaisha, nikatia kamba ku kipaji cha uso nikapandisha mihogo toka shamba. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu waseme: angalia, mwanamuke wa Masisi huyo.

Siku ile ya mihogo njo nilisikia uzito unashuka chini, nikasimama katikati ya njia bila kujua ni nini. Toka pale, nikikohoa, mukojo. Nikicheka, mukojo. Nikiinama kumubeba Baraka, mukojo. Nilikuwa navaa bikwembe tatu, moja juu ya ingine, na nikaacha kunywa maji, eti yasipoingia hayatatoka. Njo akili niliyopata. Maziwa yakakauka, mutoto akalia njaa, nami nikalia naye. Kanisa niliacha. Bwana yangu hakunitukana, hapana, lakini alianza kulala ku godoro ingine akisema ni joto. Walikale iko na joto, ni kweli, lakini haikuwa sababu ya ile.

Nilizania nimepata ugonjwa wa wale wanawake wenye walipasuka wakati wa kuzaa, wale wenye wanafukuzwaga. Sikumwambia mutu.

Habari ya Papa ilinikuta nikiosha vyombo. Nilifunga mutoto ku mugongo, nikapanda pikipiki, sikuaga hata jirani. Unaijua ile barabara: shimo, matope, kushuka, kupanda tena. Kila shimo ilinikamua. Tulipofika Kashebere, katikati ya safari, motari mwenye pikipiki alisimamisha, akaangalia kiti, akaniangalia mimi. Alikuwa mubaba wa umri wa Papa. Alikata majani akapanguza kiti, tena akapanguza. Afadhali angenitukana.

Nilikaa pembeni ya barabara nikafikiri kilio. Nikafikiri vile tunalalaga: wamama wote chini, mikeka imeunganishwa, wewe katikati, mashangazi pande zote, na Papa mu chumba. Mimi mutoto wa kwanza, pahali pangu ni ubavuni pako. Asubuhi wakikunja mikeka wangekuta nini? Wangesema nini, maiti ya Papa iko pale? Mama, niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa kumukosa Papa. Nikamuomba motari anirudishe. Nililia mupaka Walikale.

Ile kulia njo ilinipeleka ku santre ya afya. Kuna mama muzalishaji pale, mwenye sauti ya chini. Alinipima, akasema hakuna pahali pamepasuka. Akasema ni nyama za chini, zile zinashikiliaga kibofu na tumbo la uzazi, zimevutika sana na zimechoka. Ile kikwembe ilisukuma vyote chini, na muzigo wa kamba ya kipaji ukamalizia. Nikamuuliza dawa. Akacheka kidogo, akasema dawa ninayo mu mwili. Akanifundisha kulala chali, kukunja magoti, kukaza kule chini vile mutu anazuia upepo mbele ya padiri, kushikilia, kisha kuachilia polepole, bila kufunga pumuzi. Na kukaza kwanza kila nikitaka kukohoa ao kuinua kitu. Na kunywa maji.

Siku za kwanza sikusikia kitu kabisa. Nilikuwa nakaza, nakaza, kule chini kimya. Nilitaka kuacha. Sasa naanza kusikia, kidogo. Juzi nilipiga chafya nikabaki mukavu, nikakaa ku kizingiti nikafurahi peke yangu. Halafu nikafikiri, ningalijua hii mapema, ningalimuzika Papa. Furaha ikaisha pale pale.

Sijapona. Mama muzalishaji anasema ni kazi ya miezi, na barabara bado amenikataza.

Unisalimie shangazi Feza, mwenye analetaga habari zote, hata zenye hazikutumwa. Unisalimie kaka Innocent, mwenye telefone. Na mudogo wangu Neema na mimba yake: akizaa, Mama, usimufunge tumbo kwa nguvu, na kamba ya kubebea uifiche mbali. Akikasirika, mwambie ni mimi njo nilisema.

Imebakia neno moja, na naliandika kwa woga. Nilimwambia mama muzalishaji kwamba kwetu hakuna mutu mwenye alipataga hii kitu. Akaniuliza: "Mama yako anakaaga wapi mu kanisa?"

Nikamujibu, nyuma kabisa, karibu ya mulango, hata siku ya Noeli. Sisi watoto tulifikiri ni juu ya wadogo wenye walikuwa wanalia. Lakini wadogo wote wamekomaa, Mama, na wewe uko bado kule ku mulango. Na wakati wa kilio ya nyanya, ulikataa mukeka, ukasema utalala ku jikoni ulinde moto.

Kama na wewe ni vile, hauna haja ya kunijibu. Weka hasira chini, ulale chali, ukunje magoti, uanze na ile nimekuandikia hapa. Nikipata nguvu ya barabara nitakuja nikuonyeshe yenye imebakia. Na usinitafutie mukeka katikati ya wengine. Tutalala wote wawili kule ku jikoni.

Mutoto wako,
Riziki, Mama Baraka